Mchezo wa Tano wa Kombe la Kestrel

Mtu aliyebisha hodi asubuhi ile alikuwa amevaa viatu vya ofisini. Hivyo ndivyo nilivyoviona kwanza nilipofungua mlango, viatu vyeusi vya kung'aa vimezama kwenye theluji hadi soksini. Nilipoinua macho nikaona kilemba cha bluu, ndevu zilizoganda barafu, na boksi kubwa alilolikumbatia kama mzazi aliyebeba mtoto mgonjwa.

"Samahani, dada," alisema, meno yakigongana. "Hapa ni kwa mzee Reino Lahtinen?"

"Ndipo. Ingia, usije ukapoteza vidole."

"Gari langu limetumbukia mtaroni, pale kwenye kona."

"Acha likae. Kila mgeni hutumbukia pale. Ingia kwanza."

Babu alikuwa jikoni anakata mkate wa iliki. Hakuinuka. Babu yangu haamini kwamba mtu anaweza kuja Harrow Bay mwezi wa pili bila kutaka kumuuzia kitu.

"Anauza nini?" aliniuliza, kana kwamba mgeni hasikii.

"Siuzi kitu, mzee. Naitwa Harjit Dhaliwal. Mimi ni daktari wa meno, natoka Brampton, karibu na Toronto."

Babu alimtazama kwa muda, kisha akafungua mdomo wote na kumwonyesha pengo kubwa la mbele. "Umechelewa, daktari. Haya niliyaacha kwenye barafu ya Saint-Aubin kabla hujazaliwa."

Mgeni alicheka mpaka barafu ikadondoka ndevuni. Nilimpa soksi za sufu za babu na kikombe cha kahawa, nikamweka karibu na jiko la kuni. Alikunywa haraka, macho yakiwa kwenye boksi lake. Vidole vilipopata moto kidogo, alitoa mfukoni glovu nyeupe za kitambaa, akazivaa taratibu, akafungua boksi na kuweka kitu mezani kati ya siagi na mkate.

Lilikuwa kombe. Fedha yake ilikuwa imefifia, masikio yake mawili yamepinda kama ya sungura, na upande mmoja ulikuwa umebonyea. Chini yake palikuwa na kitako cha mti mweusi kilichopigiliwa vibao vidogo vya fedha kukizunguka.

Babu aliinuka. Aliweka kisu chini, akarudi nyuma hatua moja, akaficha mikono yake mgongoni.

"Kombe la Kestrel," alisema.

Nimekua nikisikia habari za kombe hilo kama watu wanavyosikia habari za mjomba aliyesafiri akapotea. Babu na wenzake walilizungumza kila walipokutana, kwenye sauna, misibani, kwenye foleni ya posta. Ligi ya Ziwa Kestrel ilikuwa ligi ya hoki ya barafuni ya wachimba migodi na wakata magogo, na ilikufa zamani sana. Sikuwahi kufikiri kwamba kombe lenyewe lipo bado mahali fulani duniani, na lina uzito.

"Nakusanya makombe ya ligi zilizokufa," daktari alieleza, akiona aibu kidogo. "Kuna watu wanakusanya stempu. Mimi ninayo mengi nyumbani, mke wangu hataki tena kuyasikia. Hili nililipata kwenye mnada wa vitu vya marehemu mmoja aliyekuwa na hoteli. Walikuwa wanawekea miavuli ndani yake."

"Miavuli!" babu alisema, kama aliyetukaniwa mama.

"Nimelisafisha, mzee. Lakini tazama hapa." Daktari aligeuza kombe kwa ncha za vidole. "Vibao vyote vina mwaka na jina la mji ulioshinda. Hiki cha mwisho kina mwaka peke yake. Elfu moja mia tisa hamsini na nane, halafu basi. Kombe lenye kibao kitupu linanitesa. Naliangalia nikila, naliangalia nikienda kulala. Nimeuliza huku na huku, mwishowe nikaambiwa Harrow Bay kuna mchezaji mmoja wa mwaka ule bado yuko hai. Basi nimekuja uniambie tu. Nani alishinda? Fundi wangu wa kuchonga anasubiri."

Ingekuwa rahisi sana. Neno moja tu, na jina la mji wetu lingekaa kwenye fedha ile milele. Nani angebisha?

"Hakuna aliyeshinda," babu alisema.

Alimsimulia akiwa bado amesimama, mikono nyuma. Fainali ilikuwa ya michezo mitano. Saint-Aubin, mji wa ng'ambo ya ziwa, walishinda miwili, Harrow Bay wakashinda miwili. Mchezo wa tano uliangukia kwetu. Siku hizo hapakuwa na mitambo ya kugandisha. Barafu ililetwa na Mungu ndani ya banda la mbao, basi. Upepo wa joto ulikuja mapema mwaka ule. Walicheza kipindi kimoja maji yakiruka magotini, wanaanguka kama ng'ombe, kisahani cha mpira kinachopigwa kwa fimbo kinaelea, mpaka refa akapuliza filimbi. Walikubaliana kumalizia msimu ujao wa baridi. Kabla ya msimu ujao mgodi ulifungwa, na wanaume wakatawanyika na mabegi yao.

"Mlikuwa ngapi ngapi?" daktari aliuliza.

"Sifuri sifuri."

Daktari alikitazama tena kibao kitupu. Nilimwonea huruma, alikuwa amesafiri mbali kuja kuambiwa hivyo. Kisha uso wake ukang'aa.

"Hata hivyo, mzee, hebu lishike. Nikupige picha moja tu, wewe na kombe."

Babu alirudi nyuma mpaka akagonga kabati. "Mimi? Silishiki. Sijalishinda."

"Kulishika tu."

"Daktari," nikamwambia, "kwetu huku hata mtoto wa chekechea anajua. Kombe ambalo hujalishinda huligusi. Ukiligusa, hutalishinda kamwe."

"Nimesoma habari za miiko hiyo. Nilidhani ni ya vijana wa kwenye televisheni."

"Vijana wa kwenye televisheni waliitoa wapi?" babu alisema.

"Basi na mimi nimekosea? Mimi nimelishika mara nyingi. Lakini huwa nina glovu."

"Ana glovu." Babu alinigeukia. "Kaisa, umesikia? Mwenzetu ana glovu." Halafu akamhurumia. "Umewahi kucheza, daktari?"

"Sijawahi hata kuvaa viatu vya barafu."

"Basi mwiko haukuhusu. Wewe kwa kombe ni kama meza."

Gari la kumvuta mgeni mtaroni lilikuwa limekwenda kuhangaika na lori kwenye barabara kuu, kwa hiyo tulimwandalia kitanda alichokuwa akilalia mama yangu zamani. Mchana kutwa babu alitafuta visingizio vya kupita jikoni. Alikuja kutafuta miwani iliyokuwa kichwani mwake. Alikuja kuongeza kuni kwenye jiko lililojaa. Kila alipokuja aliinama karibu na kombe mpaka pumzi yake ikaacha ukungu kwenye fedha, na kila mara mikono ilikuwa nyuma. Mara moja nilimkuta anauchunguza ule ubonyeo.

"Hapa alilidondosha Eino," alisema bila kugeuka. "Mwaka ule tuliposhinda mara ya mwisho, mimi nikiwa bado na timu ya watoto. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nikasema, na mimi siku moja."

"Na Eino alisemaje baadaye? Kuhusu mchezo wa tano?"

"Alikufa akisema tungeshinda. Arvo, mchezaji mwenzetu, naye hivyo hivyo. Wote. Nimeshika mkono wa kila mmoja hospitalini na kila mmoja ananiambia, Reino, tungeshinda. Nami naitikia. Sijui kama tungeshinda, Kaisa. Ningependa tu kujua."

Nilikuwa nimehitimu chuo mwezi wa tano uliopita. Wenzangu wengi walikwenda Toronto; mimi nilirudi kufundisha watoto hoki kwenye uwanja wetu mmoja, na watu wazima walinitazama kwa huruma, kama mtu aliyekosa basi. Niliamini, na bado naamini, kwamba mji mdogo haufi mpaka watu wake waache kuanzisha mambo. Labda ndiyo maana nikasema kwa urahisi vile.

"Si mmalize, babu."

"Tumalize nini?"

"Mchezo."

"Na nani? Timu yangu yote iko makaburini nyuma ya kanisa."

"Na yao?"

Alisimama wima. Aliutazama ukuta kwa muda, kisha akaenda kwenye simu. Kule Saint-Aubin alikuwa amebaki Fernand Gaudreau, mtu ambaye babu alisema siku zote kwamba hana haja ya kuongea naye. Namba yake aliipiga bila kuitafuta popote. Kwa kuwa babu hasikii vizuri, simu yetu huongea kwa sauti ya kusikika nyumba nzima.

"Nani?" sauti iliuliza.

"Reino."

"Reino yupi?"

"Reino aliyekuwa anakupita kama umepandwa."

"Aa, Reino kibogoyo. Nilidhani umeshakufa."

"Nilitaka kufa, nikakumbuka utafurahi. Sikiliza, Fernand. Kombe limerudi."

"Kombe gani?" alisema, lakini sauti ilikuwa imebadilika.

"Unajua ni lipi."

"Umelishika?"

"Sijalishika."

"Usilishike."

"Si nimekwambia sijalishika!"

"Nakuja," Fernand alisema, akakata.

Alikuja kesho yake asubuhi, akilivuka ziwa lililoganda kwa pikipiki ya theluji, peke yake, na mkate wa nyama wa kwao umefungwa kwenye blanketi nyuma ya kiti. Alikuwa mzee mwembamba mwenye nyusi ndefu nyeupe. Hakutusalimia. Alikwenda moja kwa moja mezani, akatumbukiza mikono mfukoni, akalitazama kombe. Babu alisimama upande wa pili, mikono mgongoni. Daktari Dhaliwal aliwatazama wote wawili na nikaona macho yake yanalowa.

"Lilikuwa kubwa zaidi," Fernand alisema mwishoni.

"Wewe ndiye ulikuwa mdogo zaidi."

"Kelele. Tumalize mchezo wa tano, lakini nina mapafu ya penalti tatu, si zaidi. Tatu mimi, tatu wewe. Tukifungana, tunaendelea mpaka mmoja aanguke."

"Utaanguka wewe."

"Tutaona. Kipa nani? Mjukuu wangu Mathis angedaka, lakini yuko Alberta kwenye visima vya mafuta."

Wote wakanitazama. Nilikuwa kipa wa timu ya chuo kwa miaka yangu yote ya masomo, na kabla ya hapo kipa wa babu, nyuma ya nyumba, kila siku baada ya shule.

"Hapana," babu alisema mara moja. "Haiwezekani. Ni mjukuu wangu. Utasema nimekuibia, na watu wa kwenu watasema hivyo mpaka kiyama."

Fernand alivuta kiti, akakaa akinielekea mimi. "Binti, nimekuona ukidaka. Nilikuja chuoni kwenu mara mbili, nikakaa juu kabisa ili huyu asinione. Unadaka vizuri. Sasa nakuuliza wewe, yeye simuulizi. Ukiniahidi kwamba utazuia mikwaju yake sawasawa na utakavyozuia yangu, mimi nimetosheka."

Nilimtazama babu. Yeye alikuwa anatazama kahawa yake.

"Naahidi," nikasema.

"Kwa nguvu zako zote."

"Kwa nguvu zangu zote, mzee Fernand."

"Basi yameisha. Tule."

Daktari alisafisha koo. Alisema kwamba kombe ni mali yake, alilinunua kihalali, lakini atakayeshinda, jina la mji wake atalichonga kwenye kibao kitupu. Na mshindi atalibeba kombe nyumbani kwake kwa siku nzima, afanye nalo apendavyo, kama wafanyavyo mabingwa. Wazee wawili waliitikia kwa kichwa bila kutazamana. Nikajua jambo lililokuwa wazi tangu mwanzo: mmoja wao atalishika, na mwingine hatalishika mpaka anaingia kaburini.

Mchana tuliandaa barafu ziwani, mbele ya nyumba. Babu hamwachii mtu kazi hiyo. Kwanza theluji inaondolewa yote, hata ile ya kupeperushwa, kisha analiburuta pipa la maji ya moto lenye blanketi kuukuu nyuma yake, na blanketi linayapaka maji kama mtu anayepaka siagi. Maji ya baridi huganda na vinundu, ya moto hulala laini. Fernand alimfuata nyuma akimkosoa kila hatua. Daktari, ndani ya mabuti yangu ya akiba, alisukuma beleshi akaanguka, akasukuma tena akaanguka.

"Dada Kaisa," aliniambia tulipokuwa wawili pembeni, "naweza kukuuliza? Utamwachia?"

"Nini?"

"Babu yako. Goli moja. Sisemi ufanye. Nauliza tu. Mimi ni mtu wa nje, ni kama meza."

"Nimeahidi."

"Najua. Nilikuwepo." Alisukuma beleshi kidogo. "Ningekuwa mimi, sijui."

Nami sikujua. Nilisema nimeahidi kwa sauti ya mtu mwenye hakika, kisha nikamtazama babu anavyoliburuta pipa, amepinda mgongo, mvuke unampanda usoni, na ndani yangu hapakuwa na hakika yoyote. Huyu ndiye aliyenifunga kamba za viatu mpaka vidole vyangu vilipopata nguvu ya kujifunga mwenyewe. Alinipigia visahani jioni baada ya jioni, chini kushoto, chini kushoto, mpaka mguu wangu wa kushoto ukaweza kuzuia bila kuniuliza. Sikujua kama alikuwa ananifundisha au hakuwa na mkwaju mwingine. Na Fernand naye? Alikuwa na wake makaburini. Alikuwa na Arvo wake na Eino wake, wenye majina ya Kifaransa, waliokufa wakisema neno lile lile.

Habari zilivuka ziwa haraka kuliko nilivyotarajia. Asubuhi iliyofuata watu wa Saint-Aubin walikuja na pikipiki zao za theluji wakajipanga upande mmoja, wetu wakajipanga upande wa pili, na katikati chupa za chai na maneno yakarushwa huku na huku. Watoto ninaowafundisha walikuja na jezi zao. Kombe liliwekwa juu ya kiti cha jikoni kwenye theluji, na daktari alisimama kando yake na glovu zake nyeupe na filimbi ya kuazima.

Babu alitoka nyumbani amevaa jezi ya kijani iliyoliwa na nondo, imembana tumboni. Nilikuwa kizingitini nafunga pedi. Alisimama karibu yangu.

"Kaisa."

"Naam, babu."

"Ile ahadi uliyompa Fernand jana."

"Ndiyo, babu."

"Nilikuwepo," alisema, akashuka ngazi kuelekea ziwani.

Fernand alianza. Aliteleza polepole, vizuri kuliko nilivyotegemea, akapiga kisahani kikapita mbali na goli, na upande wetu ukashangilia kwa fujo.

"Mpeni miwani!" mtu alipiga kelele.

"Mpeni na ramani!" babu akaongeza.

Babu naye akaja. Nilijua ni chini kushoto, na ilikuwa chini kushoto, na kisahani kikagonga mwamba wa goli kikalia kama kengele. Fernand alijishika kifua kwa kuigiza. "Mwamba ni wa kwetu!" alisema. "Ni Mkatoliki kama sisi!"

Mkwaju wa pili wa Fernand sitausahau. Alikuja akiwa amechoka tayari, mdomo wazi, nikamwonea huruma, na kabla sijamaliza kumwonea huruma alikuwa ameuzungusha mkono na kisahani kimepita juu ya bega langu. Nilijirusha kwa kila nilichokuwa nacho. Ncha ya glovu ilikigusa. Haikutosha. Upande wa Saint-Aubin ulilipuka, na mzee yule alitembea mzunguko mzima akiwa ameinua fimbo kama kijana wa miaka ishirini.

"Kwa nguvu zote?" aliniuliza alipopita.

"Zote, mzee."

"Nimeona," alisema.

Wa pili wa babu niliuzuia. Ulikuwa chini kushoto tena, mguu wangu ukaenda wenyewe, na watu wetu wakaguna. Wa tatu wa Fernand niliuzuia kwa kifua. Ikabaki moja bila, na mkwaju mmoja wa babu. Akifunga, wanaendelea. Akikosa, imekwisha.

Kelele zilipungua zenyewe. Watoto wangu waliacha kurushiana theluji. Babu alikuwa mbali, katikati ya barafu, anasogeza kisahani mbele na nyuma, mbele na nyuma. Kisha akaja.

Mzee wa umri wake haji haraka. Nilikuwa na muda wa kufikiri, na hilo ndilo lilikuwa baya. Niliona pumzi yake. Niliona kijani cha jezi, na nyuma yake, mbali, fedha ikiwaka juani juu ya kiti chetu cha jikoni. Alishusha bega kama anayepiga chini kushoto. Mguu wangu ukamwamini. Nikashuka, nikafunga kushoto. Naye hakupiga. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu babu yangu hakupiga chini kushoto. Alikivuta kisahani kwa upande wa nyuma wa fimbo, akakipeleka kulia, taratibu, na pale kulia goli lilikuwa wazi lote.

Nilikuwa chini, nimedanganywa mbele ya watu wote. Hakuna ambaye angenilaumu. Hata Fernand angesema, ameshikwa, huyo mzee ana chenga. Nilichotakiwa kufanya ni kubaki nilipo. Ningebaki pale, na ningekuwa nimezuia kwa nguvu karibu zote.

Nilijisukuma. Nilinyoosha mguu wa kulia mpaka nikasikia kitu kinakatika kwenye paja, nikaurusha mkono wenye fimbo juu ya barafu, na kisahani, kikiwa tayari kinavuka, kikagonga ubapa wa fimbo yangu na kusimama pale, kwenye mstari, upande wa nje.

Filimbi ya daktari ililia kwa kuchelewa. Saint-Aubin walianza kuimba kitu cha kwao. Mimi nililala kifudifudi kwenye barafu aliyoilainisha babu mwenyewe, barakoa imejaa machozi, paja linawaka moto, na sikutaka kuinua uso.

Nikasikia viatu vyake vinakuja, vinakwaruza, vinasimama.

"Inuka," babu alisema. "Kipa halali golini."

Niliinuka kwa magoti. Hakuwa analia. Alikuwa anahema sana, uso mwekundu, na pengo lake lote lilikuwa wazi kwa tabasamu ambalo sikulielewa mara moja.

"Babu, nisamehe."

"Chenga ile nimeifanyia mazoezi gizani tangu una miaka kumi," alisema. "Nilikuwa naiweka akiba. Na umeifikia." Akatikisa kichwa. "Umeifikia, mtoto wewe."

Nyuma yake Fernand alikuwa amesimama mbele ya kiti, mikono imenyooshwa lakini haijagusa bado, anamtazama babu kwa mbali kama anayeomba ruhusa. Babu alimpungia mkono kwamba aendelee. Kisha akanigeukia, akainua fimbo yake, akanigonga pedi ya kushoto, halafu ya kulia, kama wachezaji wanavyomgongea kipa wao kumpongeza.